Kuvumilia nini, mpaka wapi? Wasomaji wanauliza

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wasiofahamiana: mmoja yuko kwenye mashine ya kukereza, mwingine anahesabu vikombe vya kahawa, wa tatu anaongoza kikundi kisichosikilizana. Tulipozipanga tukaona zote zinazunguka jambo lilelile, yaani kiasi ambacho mtu, mwili au chuma kinaweza kubeba kabla mambo hayajaharibika. Tumezijibu pamoja.

Ninatafsiri kijitabu cha kiufundi. Kila penye neno la Kiingereza "tolerance" nimeandika "uvumilivu", na mhariri ameurudisha mswada akisema hausomeki. Kosa liko wapi?

Mhariri ana haki. Kiswahili kimeligawa jambo hili katika maneno kadhaa, na kila neno lina kazi yake. Uvumilivu ni wa mwenye moyo: anakerwa, anaumia, na bado anakaa. Subira ni ndugu yake, lakini mwenye subira anangoja kitu; mvumilivu huenda hana anachokingoja. Stahamala ni upana wa kifua, tabia ya mtu asiyewaka upesi. Kuhimili na kustahimili hufaa hata kwa kisicho na roho: daraja huhimili uzito, mmea hustahimili ukame. Daraja halivumilii chochote.

Halafu kuna usugu, ambao asili yake ni ile ngozi ngumu ya kiganja kilichoshika jembe kwa miaka. Ni neno la vimelea visivyokufa kwa dawa. Mwili uliopungukiwa na athari ya dawa, huo umezoea. Tumbo lisilopatana na chakula, wenyewe tunasema chakula kimenikataa, na hakuna sababu ya kutafuta msamiati mwingine. Kwenye vipimo vya karakana andika "tofauti inayoruhusiwa", au "toleransi" kama wasomaji wako ni mafundi, maana ndivyo wengi wao wanavyosema.

Himili, stahimili, stahamala na hamali yule wa bandarini zote zimetoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kubeba. Hilo linakupa jaribio la haraka. Ukikutana na dhana hii jiulize: mbebaji ni nani, mzigo ni upi, na unakomea wapi? Jibu la swali la kwanza karibu kila mara litakuchagulia neno. Na ukiona baada ya neno kuna namba, kama "asilimia 5", futa uvumilivu bila kusita. Kipande cha chuma hakina moyo.

Mchoro unasema 25 H7/g6. Nimekereza shafti ya milimita 25 kamili na kutoboa tundu la 25 kamili, lakini haviingiliani. Herufi hizo zinataka nini?

Zinataka usikereze 25 kamili, kwa sababu hiyo haipo. Hakuna mashine inayotoa kipimo kamili; iliyopo ni mashine inayokaa ndani ya ukanda. Mchoro umekupa kanda mbili. Herufi kubwa ni ya tundu, ndogo ni ya shafti. Herufi inaeleza ukanda umekaa wapi ukilinganisha na 25; namba inaeleza upana wake.

H maana yake tundu lisipungue 25 hata kidogo, na 7 kwa ukubwa huu ni upana wa milimita 0.021. Kwa hiyo tundu liwe kati ya 25.000 na 25.021. Herufi g inaisogeza shafti chini ya 25 kwa 0.007, na 6 inaipa upana wa 0.013, kwa hiyo shafti iwe kati ya 24.980 na 24.993. Toa uone: nafasi ndogo kabisa kati ya viwili ni 0.007, na kubwa kabisa ni 0.041. Shafti yako ya 25.000 iko nje ya ukanda wake. Haikwami kwa bahati mbaya, inakwama kwa haki. Namba hizi hubadilika na kipenyo, kwa hiyo usizibebe kwenda kwenye shafti ya 60. Soma jedwali la kiwango cha kimataifa cha vipimo hivi, ISO 286.

Hata ukilenga ukanda sahihi, kuna mambo yatakayokuangusha, na la kwanza ni kifaa cha kupimia. Vernia inayosoma kwa hatua za 0.02 haiwezi kuhukumu ukanda wenye upana wa 0.013, ni sawa na kupima chumvi kwa mizani ya magunia. Kanuni ya karakana ni kifaa chenye usahihi mara kumi ya ukanda, na ukibanwa sana, mara nne. Hapa utahitaji maikromita inayosoma elfu moja ya milimita kwa shafti, na kwa tundu kipimo cha pande mbili: upande mmoja lazima uingie, wa pili lazima ukatae.

La pili ni joto, na hili huwadanganya hata wazoefu. Vipimo vyote vya michoro vimewekwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Chuma cha pua cha kawaida (si kile kisichoshika kutu) hutanuka kiasi cha milimita 0.0115 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Shafti ya 25 iliyotoka kwenye kisu ikiwa na nyuzi 50 imevimba takriban 0.009 kuliko itakavyokuwa ikipoa. Angalia tena ile nafasi ndogo: 0.007. Ukiijaribisha ikiwa ya moto itakwama. Ukiipima ikiwa ya moto na kuikata zaidi, ikipoa italegea. Iache ipoe pamoja na kifaa cha kupimia, juu ya meza ileile.

Mpako wa zinki wenye unene wa 0.010 huongeza kipenyo kwa 0.020, kwa sababu unakaa pande zote mbili. Mchoro usiposema kipimo ni cha kabla au cha baada ya mpako, uliza kabla ya kuwasha mashine. Miba ya chuma inayobaki kwenye ukingo wa tundu nayo huzuia shafti nzuri kabisa, kwa hiyo chonga ukingo kidogo. Mwisho ni umbo: kitu chenye mabonde matatu yasiyoonekana kwa macho kinaweza kutoa kipimo kilekile kila ukikizungusha kwenye maikromita ya nukta mbili, na bado kisiwe duara. Ukishuku hivyo, kilaze kwenye kitako cha umbo la V, ukizungushe chini ya saa ya kupimia, yaani kifaa cha mshale kinachoonyesha kupanda na kushuka.

Neno moja kwa wachoraji. Kila ukipanda daraja (ile namba baada ya herufi), ukanda hupanuka kwa karibu asilimia 60: kwa kipenyo hiki, daraja la 6 ni 0.013, la 7 ni 0.021, la 8 ni 0.033, la 9 ni 0.052. Kuandika 6 pale ambapo 9 ingetosha ni kumlipisha mtu saa za kusaga bila faida yoyote.

Nimetoboa matundu kumi kwa umbali wa milimita 50 kila moja, nikiruhusu tofauti ya 0.2. Kila nafasi iko sawa, ila tundu la mwisho halikutani na boliti yake.

Ulipima kila tundu kutoka kwa jirani yake. Matundu kumi yana nafasi tisa, na kila nafasi ikikosea 0.2 upande mmoja, la mwisho limehama 1.8. Makosa hayakuvunja kanuni yoyote, yalijumlishana tu. Chagua ukingo mmoja, pima matundu yote kutoka hapo (50, 100, 150 na kuendelea), na kila moja litabaki na 0.2 yake peke yake.

Kizuio cha umeme cha mistari minne: mstari wa mwisho wa dhahabu unasema nini?

Kwamba thamani halisi inaweza kupanda au kushuka kwa asilimia 5. Cha omu 1,000 (omu ni kipimo cha uzuiaji wa umeme) kinaweza kuwa popote kati ya 950 na 1,050 na kisiwe kibovu. Fedha ni asilimia 10, nyekundu 2, kahawia 1. Pasipo na mstari ni 20. Ndiyo sababu pia madukani hukuti omu 1,100 katika kundi la asilimia 10: kizuio cha 1,000 kinafika mpaka 1,100, cha 1,200 kinaanzia 1,080, kwa hiyo pengo limeshazibwa.

Usinunue cha dhahabu, ukapima ukapata 998, kisha ukadhani umepata cha asilimia 1. Umepata bahati ya leo. Cha asilimia 1 kwa kawaida hakibadiliki sana kama cha dhahabu hata joto linapopanda, na hilo huwezi kuliona mezani.

Zamani kikombe kimoja cha kahawa kiliniamsha, sasa vitatu havinitoshi. Mwili umekuwa sugu? Na dawa za maumivu nazo zitafika huko?

Umezoea. Ubongo hutoa adenosini, kemikali inayojikusanya kadiri unavyokaa macho na kukuletea usingizi kwa kushika vipokezi vyake. Kafeini hukaa kwenye vipokezi hivyo bila kuviamsha, kama mtu aliyekalia kiti asichokifanyia kazi. Mwili ukiona viti vimekaliwa kila siku, unaongeza vingine. Sasa unahitaji kahawa zaidi ili kufika palepale, na siku ukiikosa viti vyote viko wazi kwa adenosini: kichwa kinauma, mwili mzito, hasira karibu. Maumivu hayo huanza saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho, hukolea siku ya kwanza au ya pili, na yanaweza kuendelea hadi siku 9.

Kwa hiyo usiache ghafla. Punguza robo ya unachokunywa, kaa hapo siku tatu au nne, kisha robo nyingine. Cha jioni kiende kwanza, kwani kafeini hupungua nusu kwa takriban saa 5 na ile ya saa 11 jioni bado ina nguvu saa 4 usiku. Kwa mtu mzima mwenye afya, miligramu 400 kwa siku ndiyo kikomo kinachotajwa sana. Kwa mjamzito, 200.

Dawa za maumivu za jamii ya mofini zina mazoea ya namna hiyo, na hapo si suala la usingizi tena. Mwili hauzoei athari zote kwa mwendo mmoja. Utulizaji wa maumivu hupungua, lakini kufunga choo karibu hakupungui, ndiyo maana anayetumia dawa hizi kwa muda hupewa ya kulainisha choo tangu mwanzo. Jambo linaloua ni hili: mazoea hupotea haraka. Mtu aliyeacha kwa wiki chache, iwe hospitalini, kifungoni au kwa hiari yake, akirudia kipimo chake cha zamani anaweza kuacha kupumua. Kipimo hakikubadilika, mbebaji ndiye aliyebadilika.

Kuna dawa nyingine ambazo mazoea yake yana ratiba. Ya kupuliza puani yenye oksimetazolini isizidi siku 3 hadi 5, la sivyo pua huziba kwa sababu ya dawa yenyewe, mtu akapuliza zaidi, ikaziba zaidi. Kiraka cha nitrogliserini cha wagonjwa wa moyo kwa kawaida hubanduliwa kwa saa 10 hadi 12 kila siku ili mishipa isiizoee, na saa hizo hupangwa na daktari, si mgonjwa.

Usugu sasa. Mara nyingi tunasikia "mwili wangu umekuwa sugu kwa antibayotiki". Si mwili, ni bakteria. Bakteria hao sugu wanaweza kumwambukiza hata mtu ambaye hajawahi kumeza kidonge kimoja. Mazoea ni yako peke yako; usugu unasafiri.

Rafiki yangu anajisifu kwamba pombe haimlewi. Ana mwili imara?

Ana ubongo uliozoea. Kiwango cha pombe ndani ya damu yake ni kilekile ambacho kingemwangusha mwingine, na ini linapokea kiasi kilekile. Kipimo cha barabarani nacho hakijali anajisikiaje. Tena kwa kuwa halewi upesi, anakosa onyo la mapema la kuacha, kwa hiyo anakunywa kingi zaidi. Akiwa anakunywa kwa wingi kila siku, kuacha ghafla kunaweza kumletea kifafa. Aanze kwa mganga wa hospitali, si kwa kiapo.

Maziwa yananikataa. Nimeambiwa ni aleji. Ni kitu kimoja?

Hapana, na kuvichanganya kuna hatari upande mmoja na usumbufu wa bure upande wa pili. Aleji ni kinga ya mwili kushambulia protini ya maziwa. Tone linaweza kutosha, na dalili ni upele, kuvimba midomo, kupumua kwa shida. Mwenye hiyo haonji. Kukataliwa na maziwa kwa kawaida ni upungufu wa laktesi, kimeng'enya cha utumbo mdogo kinachovunja sukari ya maziwa iitwayo laktosi. Isipovunjwa hufika utumbo mpana, bakteria huichachua, na hapo ndipo gesi, ngurumo na kuharisha hutoka. Watu wazima wengi duniani wako hivyo, kwa hiyo kusema kweli wenye kumudu maziwa ukubwani ndio wa ajabu.

Kwa kuwa tatizo hili ni la kiasi, lina mpaka unaopimika. Maziwa ya ng'ombe yana karibu gramu 5 za laktosi kwa mililita 100. Wengi wenye upungufu huu humudu hadi gramu 12 kwa mkupuo mmoja, yaani glasi moja, hasa wakila na chakula kingine. Utafute mpaka wako hivi: kaa wiki mbili bila maziwa wala vitu vyenye maziwa, ukisoma maandishi ya pakiti kwa makini. Dalili zikiisha, anza na mililita 50 pamoja na mlo. Baada ya siku mbili, 100. Kisha 200. Usibadilishe kingine chochote katika siku hizo, vinginevyo hutajua nani mwenye kosa. Kosa kubwa la watu ni kujaribu glasi nzima tumboni kutupu siku ya kwanza na kutoa hukumu ya maisha. Jibini gumu lililokomaa lina laktosi kidogo sana, na mtindi huja na bakteria wanaokusaidia kuivunja.

Dalili zisipoisha katika wiki hizo mbili, maziwa hayana hatia. Ukiona damu kwenye choo, unakonda, au unaamshwa usiku na tumbo, usiendelee kujipima nyumbani.

Nimeandikiwa kipimo cha kunywa maji ya sukari kliniki. Kinapima nini, na nijiandae vipi?

Kinapima mwili wako unavyoumudu mzigo wa glukosi. Unafunga saa 8 hadi 14 (maji ruksa), damu inachukuliwa, unakunywa gramu 75 za glukosi zilizoyeyushwa kwenye mililita 250 hadi 300 za maji ndani ya dakika 5, kisha damu inachukuliwa tena baada ya saa 2. Chini ya milimoli 7.8 kwa lita ni kawaida. Kuanzia 7.8 hadi 11.0 mwili umeanza kulemewa. Kuanzia 11.1 ni kiwango cha kisukari, na asiye na dalili huhitaji kipimo cha pili kuthibitisha. Kwa wajawazito mipaka ni mikali zaidi: 5.1 kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa 1, 8.5 baada ya saa 2, na kufikia mmoja tu kunatosha kuhesabiwa kisukari cha ujauzito.

Watu hukiharibu kipimo hiki kwa nia njema. Wakisikia neno sukari wanaacha wanga siku tatu kabla, na mwili uliokaa bila wanga huupokea mzigo vibaya, kwa hiyo matokeo hupanda kwa uongo. Kula kama kawaida siku hizo tatu, angalau gramu 150 za wanga kwa siku. Wakati wa kungoja kaa kitini: kutembeatembea hushusha kiwango, sigara hukivuruga. Ukitapika, kipimo kimekufa. Sema, kirudiwe siku nyingine. Na kama una homa au unameza dawa za jamii ya steroidi, taja kabla ya kuanza.

Pakiti moja ya mbegu imeandikwa "inastahimili ugonjwa", nyingine "kinzani". Nichague ipi?

Mmea kinzani humzuia mdudu au kirusi asizaane ndani yake. Mmea stahimilivu humbeba, ukaugua kidogo au usionyeshe kabisa, na ukazaa. Ukilima peke yako vyote viwili vinaweza kujaza ghala. Lakini shamba la mmea stahimilivu ni akiba ya virusi kwa jirani mwenye mbegu ya kawaida, na wadudu wanaonyonya majani watavihamisha. Kinzani nayo ina udhaifu: kirusi kikibadilika, kinga nzima inaweza kuanguka ndani ya misimu michache. Ukinzani ukipatikana kwa ugonjwa uliopo kweli eneo lako, anza nao. Ukichagua ustahimilivu, usichukue vipandikizi au mbegu kutoka shamba hilo kwa kuamini macho.

Kwa ukame soma maelezo, si neno la mbele. Mbegu nyingi zinazoitwa stahimilivu kwa kweli zinakwepa: zinakomaa mapema kabla mvua haijakata. Ukizipanda kwa kuchelewa, ahadi ya pakiti haipo tena.

Ninaongoza kikundi chenye imani na siasa mchanganyiko. Wachache wanatumia "tuvumiliane" kama ngao ya kuwatukana wengine. Mpaka uwe wapi?

Tuanze na neno, kwani hapa ndipo linapotumiwa vibaya. Mtu anavumilia pale tu mambo matatu yanapokutana: kuna jambo halipendi, ana uwezo wa kulizuia, na ana sababu ya kutolizuia. Asipolijali, huko ni kupuuza. Akilipenda, ni kukubali. Asipokuwa na uwezo, ni kunyamazishwa. Wale wanaotukanwa na kuambiwa wavumilie hawana uwezo wa kuzuia, kwa hiyo hawaombwi uvumilivu. Wanaombwa wanyamaze.

Wazo hili lina historia yenye makovu. Mwaka 1598 mfalme Henri IV wa Ufaransa aliwaruhusu Waprotestanti kuabudu kwa masharti. Mwaka 1685 mjukuu wake Louis XIV akaifuta ruhusa hiyo. Ruhusa inayotolewa kama hisani huondoka na mtoaji. Mwaka 1689 yalichapishwa maandiko ya mwanafalsafa Mwingereza John Locke ya kutetea uvumilivu wa kidini, na katika maandiko hayohayo akawanyima wasiomwamini Mungu. Azimio la UNESCO, shirika la elimu na utamaduni la Umoja wa Mataifa, la Novemba 16, 1995 lilijaribu kuziba ufa huo kwa kusema uvumilivu si hisani, unasimama juu ya haki za kila mtu.

Swali lako la mpaka, mwanafalsafa Karl Popper aliligusa mwaka 1945, tena katika tanbihi tu: uvumilivu usio na kikomo hujiua wenyewe. Wanaomnukuu mara nyingi huishia hapo. Lakini alisema pia kwamba maadamu watu wanaweza kujibiwa kwa hoja, si busara kuwanyamazisha. Haki ya kuzuia itumike tu dhidi ya wanaokataa hoja na kujibu kwa ngumi.

Kwa kikundi chako, andikeni kanuni inayotaja tendo, si imani wala nia. "Heshimianeni" haina meno kwa sababu kila mtu anaamini anaheshimu. "Hakuna kumkatiza msemaji, kuita mtu jina la kudhalilisha, wala kutishia" inaweza kushuhudiwa na watu wawili na ikathibitika. Wekeni hatua zinazopanda: onyo kikaoni, kikao kimoja bila nafasi ya kusema, kisha kuondolewa kwa kura. Vitisho viruke moja kwa moja hadi hatua ya mwisho. Anayesimamia kikao asiwe mmoja wa wagomvi, hata kama ni wewe. Na kanuni ipigiwe kura kabla haijamgusa mtu; ikiandikwa siku ya ugomvi, itasomwa kama silaha ya upande mmoja.

Msiipanue ikafika kwenye maoni ya kuudhi. Maoni yaliyotolewa kwa utaratibu, hata yakikera chumba kizima, ndiyo hasa mzigo ambao kikundi mchanganyiko kimekubali kubeba.

Kila nikilalamika kuhusu mume wangu kunipiga naambiwa "mvumilivu hula mbivu". Methali hii inasema hivyo kweli?

Haisemi. Ni methali ya subira: tunda bichi linalongojewa, na muda unafanya kazi yake. Ngumi haziivi. Vipigo ambavyo havikuzuiliwa kwa kawaida huongezeka, na anayekwambia ungoje hajakuonyesha tunda.

Kuna dalili zinazomaanisha hatari ya kifo, na hizi usizipime kwa uvumilivu wa aina yoyote: kukukaba shingo hata mara moja, kutishia kukuua, kuwa na silaha, kukufuatilia uendako, kukupiga ukiwa mjamzito. Ukikabwa nenda hospitali hata kama shingo haina alama. Uvimbe wa ndani unaweza kuja baada ya saa kadhaa, na maelezo ya daktari yatakuwa ushahidi.

Usimtangazie kwamba unaondoka, kwa sababu siku za kuondoka ndizo zenye hatari kubwa kuliko zote. Toa kitambulisho, vyeti vya watoto, dawa na fedha kidogo kidogo, uziweke kwa mtu mmoja ambaye hatazungumza. Kubalianeni neno la kawaida ambalo ukimtumia atajua aite polisi. Ugomvi ukianza, kaa mbali na jikoni na bafu, karibu na mlango. Simu anayoweza kuifungua yeye usiitumie kupanga lolote kati ya haya.